Wakala wa Hisa Mjini Malindi: Huduma Njema, Taarifa Pungufu

Ofisi ninayoieleza hapa iko ghorofani, si mbali na Barabara ya Lamu mjini Malindi, na kazi yake ni kupokea maagizo ya kununua na kuuza hisa kwa niaba ya dalali mmoja wa Nairobi. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakayoizungumza kwa urefu si yake peke yake. Nimeiona katika taarifa za madalali wengine pia. Ofisi hii inastahili sifa kwa namna inavyompokea mteja, kwa uwazi wa ada zake na kwa wepesi wa kutekeleza agizo. Inapopungukiwa ni pale mteja anapouliza swali ambalo karibu kila mwenye hisa hapa mjini huishia kuliuliza: ikiwa kampuni imetangaza faida kubwa, mbona bei ya hisa yake imelala, au imeshuka kabisa?

Nianze na mazuri, kwa sababu ni mengi. Kufungua akaunti kulihitaji kitambulisho, namba ya kodi, picha ndogo na maelezo ya akaunti ya benki, na fomu ilijazwa pale pale mezani kwa msaada wa karani aliyekuwa na subira ya kumweleza mzee mmoja, kwa Kiswahili kilichonyooka, tofauti kati ya kuwa na hisa na kuwa na akiba katika chama. Ada zilitajwa kabla ya saini, jambo ambalo si kila mahali hufanyika: karibu asilimia 2 ya thamani ya hisa wakati wa kununua, na kiasi kama hicho wakati wa kuuza. Maana yake ni kwamba anayenunua leo na kuuza kesho kutwa kwa bei ile ile amekwisha kupoteza karibu shilingi 4 katika kila 100, na karani alilisema hilo wazi bila kulizungukazunguka. Nilipouza sehemu ya hisa zangu, malipo yalikuja baada ya siku tatu za kazi, kama kanuni za soko zinavyotaka. Programu ya simu hufunguka vizuri hata mtandao ukiwa dhaifu, na agizo hufika sokoni bila kulazimika kumpigia mtu.

Sasa nije kwenye taarifa ya kila wiki, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bidhaa hasa ambayo mteja wa mbali na Nairobi anaihitaji kutoka kwa wakala. Hutumwa kwa simu, nayo imepangwa vizuri: juu kuna jina la kampuni, chini yake faida ya mwaka kwa herufi nene, pembeni mshale wa kijani unaoelekea juu, kisha sentensi mbili za kusifu uongozi. Bei za hisa zimewekwa mwishoni kabisa katika jedwali la herufi ndogo, kana kwamba ni jambo la ziada. Msomaji hupewa picha kwamba faida na bei ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili. Nilipomuuliza karani kwa nini kampuni iliyosifiwa ukurasa wa kwanza imeshuka bei ukurasa wa mwisho, alinijibu kwa adabu, "Maalim, kampuni imefanya vizuri, bei itafuata tu." Ni jibu la kutia moyo, lakini halielezi chochote, na linaweza kumtia hasara mtu anayeliamini.

Chukua mfano wa KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ambayo taarifa hii hupenda kuitaja. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, na zilipoanza kuuzwa sokoni bei ilipanda zaidi ya maradufu. Watu wengi wa Pwani walioingia soko la hisa waliingia kwa mlango huo. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 2023, kampuni hiyo ilipata faida ya karibu shilingi bilioni 5 baada ya kodi. Ukiigawa faida hiyo kwa hisa zake zote, ambazo ni karibu bilioni 6.6, kila hisa ilizalisha karibu senti 76. Hata hivyo, mwisho wa mwaka huo wa 2023 hisa moja iliuzwa kwa karibu shilingi 2 tu. Mnunuzi alikuwa akiipata kampuni yenye mitambo ya mvuke ya Olkaria na mabwawa ya Mto Tana kwa bei isiyofika mara tatu ya faida ya mwaka mmoja. Kwa mantiki ya taarifa ya wakala, jambo hilo halielezeki.

Kwa anayelitazama soko lenyewe, linaelezeka vizuri sana. Kwanza, serikali inamiliki asilimia 70 ya KenGen, na mwenye hisa mdogo anajua kwamba maamuzi makubwa hayataamuliwa kwa kura yake. Pili, karibu umeme wote wa kampuni hununuliwa na mteja mmoja, Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme kwa wananchi, hivyo mteja huyo akichelewa kulipa, faida hubaki kwenye vitabu ikiwa deni, haiwi fedha mkononi. Tatu, bei ya umeme haipangwi sokoni. Ina mdhibiti, na kila uchaguzi unapokaribia huzungumzwa majukwaani. Nne, kuchimba visima vya mvuke kunahitaji fedha nyingi, na sehemu kubwa ya kinachopatikana hurudi ardhini. Gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, lilikuwa senti 30 kwa hisa mwaka huo, na kabla ya hapo kampuni ilikuwa imewahi kupitisha miaka bila kutoa chochote. Faida ya bilioni 5 ilikuwa ya kweli na wakaguzi waliikagua. Lakini swali la mnunuzi lilikuwa ni kiasi gani cha faida hiyo kitamfikia yeye, na lini. Taarifa ya wakala haikuligusa swali hilo hata kwa neno moja.

Hapa ndipo ninapoona upungufu wenyewe. Hesabu za kampuni zinasimulia mwaka uliopita, ilhali bei ya hisa inatokana na makisio ya watu kuhusu miaka ijayo, pamoja na haja zao za leo. Mchuuzi wa samaki wa Malindi hapangi bei kwa kukumbuka alichovua jana. Hutazama vyombo vinavyorudi na wanunuzi waliosimama ufukoni. Kama soko lilikwisha kutarajia faida ya kampuni ipande kwa asilimia 30, kisha ikapanda kwa 20, tangazo hilo zuri ni habari mbaya kwa aliyenunua kwa matarajio ya 30, naye huuza. Kwa sababu hiyo huweza kutokea kwamba bei hupanda wiki kadhaa kabla ya matokeo kutangazwa, na ikaanza kuteremka siku ile ile yanapotangazwa. Taarifa inayotaja ongezeko la faida bila kutaja kilichotarajiwa humwachia msomaji nusu ya habari.

Safaricom ni somo kubwa zaidi, na wateja wengi wanaopanda ngazi za ofisi hii wanaijua kwa kuwa bado wana hisa za mwaka 2008. Wakati huo ziliuzwa hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, watu wakaomba mara nyingi kuliko zilizokuwapo, wengine kwa fedha za mkopo, na wengi wakapata sehemu ndogo tu ya walichoomba. Ziliingia sokoni Juni 2008; kufikia mwanzoni mwa 2009, katikati ya msukosuko wa fedha duniani, bei ilikuwa chini ya shilingi 3. Kampuni haikuwa imefilisika, wala wateja wake hawakuwa wamezima simu. Waliovumilia waliona bei ikipita shilingi 40 mwaka 2021. Kisha, kufikia mwishoni mwa 2023, ilikuwa imerudi hadi karibu shilingi 14, huku biashara ya Kenya yenyewe ikiendelea kunawiri: katika mwaka uliokwisha Machi 2024 ilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 80.

Mtu aliyesoma faida ya Kenya peke yake angeshangaa. Lakini mwaka 2021 kampuni na washirika wake walipata leseni ya kutoa huduma za simu Ethiopia kwa dola milioni 850, huduma ikazinduliwa huko Oktoba 2022, na kujenga minara katika nchi kubwa kama ile ni kazi inayokula fedha miaka kadhaa kabla ya kurudisha kitu. Wanunuzi waliihesabu gharama hiyo, tena wakaihofia zaidi kwa sababu ya vita vya kaskazini mwa Ethiopia na udhaifu wa sarafu ya nchi hiyo, hofu ambayo haikuwa ya bure, maana Julai 2024 Ethiopia iliiachia sarafu yake ielee, yaani bei yake ipangwe na soko, na thamani ikaporomoka. Katika hesabu kuu za kampuni, hasara ya Ethiopia ilikata sehemu ya faida ya Kenya. Taarifa ya wakala ilichagua ile namba kubwa ya Kenya ikaiweka juu, na hiyo ya pamoja ikaiacha.

Kulikuwa pia na jambo lisilohusiana na utendaji wa Safaricom hata kidogo. Katika Soko la Hisa la Nairobi, wawekezaji wa kigeni kwa miaka mingi wamekuwa na sehemu kubwa ya biashara, hasa katika kampuni chache kubwa ambazo hisa zake huuzika kwa wingi. Mwekezaji wa London hahesabu faida yake kwa shilingi. Mwisho wa 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123, na Januari 2024 ikafika karibu 160. Hata kama bei ya hisa isingeshuka hata senti moja, mtu huyo angekuwa amepoteza karibu robo ya mali yake kwa hesabu ya dola. Wakati huo huo riba za Marekani zilikuwa zimepanda, na kila mtu alikuwa akijiuliza kama Kenya ingeweza kulipa deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni 2024. Mgeni akiamua kuondoka, huuza kile kinachouzika, nacho ni hisa za kampuni nzuri. Kwa hiyo kampuni zenye matokeo bora ndizo zilizoumia mno, kwa sababu tu zilikuwa na wanunuzi.

Sehemu inayonisikitisha zaidi katika taarifa hii ni ukimya wake kuhusu riba ya serikali. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani hati ya kuikopesha serikali kwa miaka kadhaa, yenye riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, bila kodi. Hati za hazina za siku 91, ambazo ni mkopo wa muda mfupi kwa serikali, zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16. Sasa weka pembeni yake hisa ya Equity, benki ambayo kwa mwaka 2023 ilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 43 na ikatoa gawio la shilingi 4 kwa hisa iliyokuwa ikiuzwa kwa karibu shilingi 34 mwaka ulipofungwa. Mtu mwenye shilingi 100,000 angepata hisa kama 2,940, na gawio lake, likishakatwa kodi ya asilimia 5, lingekuwa karibu shilingi 11,200. Serikali ingempa 18,460 na asingelazimika kutazama bei kila asubuhi. Bei ya hisa ingewezaje kupanda mbele ya ushindani huo? Ilibidi ishuke mpaka mahali ambapo mnunuzi anaona kuna sababu ya kubeba hatari. Na riba zilipoanza kupunguzwa kuanzia Agosti 2024, bei za hisa nyingi zikaamka. Ile ya KenGen ilipita maradufu ya bei ya mwisho wa 2023 ndani ya muda usiofika miaka miwili. Faida yake iliongezeka pia, sikatai, lakini haikuhitaji kuongezeka kwa kasi hiyo ili bei ipande.

Kuhusu sheria na siasa, taarifa haisemi kitu, na nitataja mfano mmoja tu. Mnamo Agosti 2016 ilitiwa saini sheria iliyozuia benki kutoza riba ya zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na hisa za benki zikaanguka mara moja, wakati hesabu zilizokuwa zimetangazwa karibuni zilikuwa nzuri. Sheria hiyo ilikaa hadi Novemba 2019. Hesabu nzuri zilikuwa za dunia ambayo sheria ilikuwa imekwisha kuibadilisha.

Nimtendee haki karani mmoja wa kike, kijana, ambaye aliligusa jambo moja vizuri kuliko nilivyotarajia. Mteja mmoja alilalamika kwamba alinunua hisa kwa sababu ya gawio lililotangazwa, kisha bei ikashuka mara baada ya daftari la wanahisa kufungwa. Binti huyo alichukua karatasi akamwandikia: kabla ya kufungwa, anayenunua ananunua hisa pamoja na gawio, baada ya kufungwa, ananunua hisa tupu, hivyo ni halali ipungue kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. "Baba, hukuibiwa," alimwambia, "ile tofauti italetwa kwenye akaunti yako." Kama maelezo ya namna hii yangeingia katika taarifa ya wiki, ningeipa alama za juu bila kusita.

Jambo jingine linaloulizwa mara kwa mara hapa Malindi, na bila shaka Lamu pia, ni la dini. Wako wateja wasiotaka hisa za benki za riba, za bia wala za sigara, na ofisi haina orodha yoyote ya kuwaongoza; humwambia kila mtu aulize kwa shekhe wake, jambo ambalo si baya, lakini shekhe naye anahitaji hesabu za kampuni ili ajibu. Nalitaja hapa kwa kuwa linahusu bei pia. BAT Kenya, kampuni ya sigara, ilitoa gawio la shilingi 57 kwa mwaka 2022, kiasi kilichozidi asilimia 10 ya bei ya hisa yake wakati huo, na bado wanunuzi hawakuikimbilia. Kodi ya sigara inayopanda na biashara ya magendo ni sababu mojawapo. Nyingine ni kwamba mifuko mingi ya uwekezaji duniani, kwa misingi ya maadili, imejizuia kununua tumbaku. Kampuni ambayo sehemu ya wanunuzi wameisusa huuzwa rahisi hata ikichuma vizuri.

Halafu kuna suala la uchache wa biashara yenyewe. Safaricom ina hisa zipatazo bilioni 40. Limuru Tea ina milioni 2.4 tu, na zaidi ya nusu ziko kwa mmiliki mmoja. Katika kampuni ya namna hiyo, siku kadhaa zinaweza kupita bila hisa hata moja kuuzwa, na bei inayoonekana kwenye simu ni kumbukumbu ya mauzo ya zamani zaidi kuliko kipimo cha thamani. Agizo dogo la mtu mwenye shida ya ada za shule linaweza kuiteremsha, ingawa soko huweka mpaka wa asilimia 10 kwa siku. Programu ya wakala huonyesha bei ya mwisho bila kuonyesha iliuzwa lini, na hili wangeweza kulirekebisha bila gharama kubwa.

Je, ningempendekezea mtu ofisi hii? Ndiyo, kwa anayetaka kufungua akaunti, kununua, kuuza, kurekebisha jina lililokosewa kwenye hati za zamani, au kurithisha hisa za marehemu, kazi ambayo wanaifanya kwa uangalifu na heshima. Kwa anayetaka ushauri wa nini cha kununua, ningemwambia asome taarifa ya wiki kuanzia ukurasa wa mwisho kwenda wa kwanza, na aende mezani na maswali yake yameandikwa: gawio ni kiasi gani kwa bei ya leo, hati za hazina zinalipa ngapi wiki hii, nani anamiliki sehemu kubwa ya kampuni, na soko lilitarajia faida gani kabla ya tangazo. Makarani hujibu wanachokijua, na wasichokijua hukiuliza Nairobi.

Niliwaandikia barua nikiomba mambo hayo manne yawekwe kwenye jedwali, karibu na faida. Meneja alinishukuru kwa simu, akasema pendekezo limepelekwa makao makuu. Taarifa niliyoipokea Ijumaa iliyofuata ilikuwa na mshale wa kijani mkubwa kidogo kuliko ule wa awali.